Mnaso wa sumaku: Kwa nini gurudumu la bodaboda ya umeme husukumika kwa kukwama-kwama?

Pikipiki ya umeme inapoishiwa chaji chini ya kilima cha Mulago, jijini Kampala, dereva wake hugundua jambo asilolijua mwenzake wa petroli. Yule wa petroli huweka gia huru na kusukuma, na gurudumu huviringika bila ubishi. Lakini pikipiki yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma husukumika kana kwamba inapita juu ya matuta madogo yasiyoonekana: hunasa, huachia, kisha hunasa tena. Betri imekwisha, swichi imezimwa, hakuna umeme unaopita popote, na bado kuna kitu ndani ya gurudumu kinachong'ang'ania.

Wahandisi hukiita kitu hicho "kogingi". Kiswahili hakijakipa jina lililozoeleka, kwa hiyo makala haya yatakiita mnaso wa sumaku. Si ubovu wa mota, wala si dalili kwamba fundi amekosea kuifunga. Ni tabia ya kuzaliwa ya karibu kila mota yenye sumaku za kudumu na chuma chenye meno, na kwa miongo mingi wabunifu wa mota wamekuwa wakitafuta namna ya kuipunguza bila kuharibu mengine.

Mulago ni mahali pazuri pa kulieleza suala hili. Kilima hicho kimebeba hospitali kuu ya rufaa ya taifa ya Uganda pamoja na kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Makerere. Mchana kutwa bodaboda hupanda na kushuka pale zikiwa na wauguzi, wagonjwa na jamaa waliobeba vyakula. Si haba pia idadi ya wanaofikishwa hospitalini kwa sababu ya ajali za bodaboda zenyewe. Barabarani mota inatakiwa iwe na nguvu ya kupanda mlima ikiwa na abiria. Ndani ya majengo, mota nyingine inatakiwa itoboe mfupa au isukume dawa kidogo kidogo kwenye mshipa wa mgonjwa. Sumaku ni zile zile, lakini kila kazi inadai tabia yake.

Meno na sumaku

Mota ya aina hii ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni stata, chuma kilichotulia chenye meno yaliyojipanga kwenye duara. Kati ya jino na jino kuna mwanya, na humo ndimo zinamosukwa nyaya za shaba. Ya pili ni rota, inayozunguka ikiwa imebandikwa sumaku ambazo ncha zake hupishana, kaskazini kwa kusini. Katika mota za gurudumu mpangilio huu umepinduliwa: stata yenye meno iko katikati, imeshikamana na ekseli, na sumaku zimeizunguka kwa nje, upande wa ndani wa ringi.

Sumaku hupenda chuma kuliko hewa. Inapokuwa mbele ya jino hutulia. Inapovutwa kuelekea kwenye mwanya hupinga, na ikishavuka katikati ya mwanya huvutwa mbele na jino linalofuata. Ndiyo sababu mkono huhisi mambo mawili yakifuatana, kizuizi kisha msukumo. Kwa kuwa msukumo hulipa kile ambacho kizuizi kilichukua, jumla ya mnaso katika mzunguko mzima ni sifuri. Hapa kuna dhana ambayo inafaa isahihishwe: mnaso wenyewe haumalizi betri. Kinachokula nishati mota inapozunguka bila kazi ni kitu kingine, yaani joto linalozaliwa ndani ya chuma kila sumaku inapopita na kugeuza mwelekeo wa usumaku wake. Anayesukuma pikipiki huhisi vyote viwili kwa pamoja. Vifundo-vifundo ni mnaso. Uzito wa kudumu usio na vifundo ni joto la chuma na msuguano wa beringi.

Je, mnaso huo una madhara kwa bodaboda? Kwa haki, si makubwa kama inavyodhaniwa. Pikipiki iliyobeba dereva na abiria ina uzito wa kutosha kuyameza matuta hayo mara tu inaposhika mwendo. Usumbufu huonekana katika mwendo wa polepole, pale dereva anapojipenyeza katikati ya msongamano wa Wandegeya kwa kasi ya mtu anayetembea, na huonekana pia katika mtetemo na mngurumo unaosikika kwenye fremu. Baadhi ya watengenezaji huepuka tatizo kwa kuiweka mota katikati ya pikipiki na kupeleka nguvu nyuma kwa mnyororo. Wasomaji wanaotumia baiskeli za umeme huko ughaibuni huenda hawajawahi kuuhisi mnaso kabisa, kwa sababu mota nyingi ndogo za baiskeli huwa na gia na kifaa kinachoruhusu gurudumu kuzunguka mbele bila kuizungusha mota.

Kuna kazi nyingine ambazo haziusamehe. Usukani wa gari unaosaidiwa na umeme ni mfano unaotajwa sana na wahandisi, kwa kuwa kila kifundo hufika moja kwa moja kwenye viganja vya dereva. Mtambo mdogo wa upepo nao huweza kukataa kuanza kuzunguka asubuhi yenye upepo hafifu, si kwa kukosa upepo, bali kwa sababu upepo huo haujafikia nguvu ya kuvuka tuta la kwanza.

Hesabu ya darasani

Dawa ya kwanza haihitaji kununua chochote. Ni hesabu ambayo wengi waliifanya shule ya msingi: Kigawe Kidogo cha Shirika, au KDS.

Idadi ya matuta katika mzunguko mmoja ni KDS ya idadi ya meno na idadi ya sumaku. Mota yenye meno 12 na sumaku 8 ina KDS ya 24. Kwa hiyo gurudumu litanasa mara 24 katika kila mzunguko, mara moja kila nyuzi 15. Ukibakiza meno yale yale 12 na kuweka sumaku 10, KDS hupanda hadi 60, na tuta huja kila nyuzi 6. Matuta yakiwa mengi huwa pia mafupi, kwa sababu sumaku hazifiki mbele ya meno yote kwa wakati mmoja. Moja inapovutwa mbele nyingine inavutwa nyuma, na nguvu zao hufutana. Baadhi ya mota za gurudumu za baiskeli za umeme zina meno 51 na sumaku 46. KDS yake ni 2,346, na mkono wa mtu hauwezi kuyahesabu matuta ya namna hiyo.

Mbona basi mota zote zisitengenezwe hivyo? Kwa sababu hesabu ile ile ina upande wa pili. Kigawo Kikubwa cha Shirika cha 51 na 46 ni 1, maana yake hakuna sehemu ya duara inayojirudia upande wa pili. Nyaya zinapopitisha umeme, mvuto wa upande mmoja haupati wa kusawazishana nao, rota huvutwa pembeni, na mvuto huo wa pembeni huzunguka pamoja nayo. Malipo yake ni mtetemo, kelele na mzigo wa ziada kwa beringi. Kwenye mota ya meno 12 na sumaku 10, KKS ni 2. Pande mbili zinazotazamana husawazishana, na ndiyo maana mpangilio huo umependwa sana na wabunifu.

Hesabu hiyo hiyo huumbua pia marekebisho ya haraka-haraka. Njia mojawapo ya kupunguza mnaso ni kuchonga mifuo midogo kwenye nyuso za meno, ili sumaku ione kana kwamba meno ni mengi zaidi. Mtu mwenye mota ya meno 12 na sumaku 8 angeweza kuchonga mfuo mmoja katikati ya kila jino, akidhani ameligawa tuta mara mbili. Lakini KDS ya 24 na 8 ni 24 ile ile ya awali; mifuo mipya huangukia mahali pale pale pa mianya ya zamani, na badala ya kufuta mnaso huuzidisha. Akichonga miwili kwa kila jino, meno huonekana 36, KDS huruka hadi 72, na matuta hushuka.

Kuinamisha, na gharama yake

Dawa ya pili ni ya kale na bado ndiyo maarufu zaidi: kuyainamisha meno au sumaku. Badala ya mwanya kwenda sawa kutoka upande mmoja wa stata hadi mwingine, huwekwa mshazari, ili ncha moja ya sumaku iwe imekwisha kuliacha jino wakati ncha ya pili ndiyo kwanza inalifikia. Mshazari ukilingana na upana wa tuta moja, nadharia inasema mnaso hutoweka kabisa.

Mshazari huo, hata hivyo, hupunguza nguvu ya mota. Kwa mota ya meno 12 na sumaku 8, kuinamisha kwa nyuzi 15 hupunguza nguvu ya kuzungusha kwa takriban asilimia 4.5. Huenda ikaonekana hasara ndogo. Ili kuirudisha nguvu hiyo, mkondo wa umeme lazima uongezwe, na kwa kuwa joto katika shaba hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, joto litaongezeka kwa karibu asilimia 10. Kwenye barabara tambarare dereva hatajua. Anapopanda Mulago na abiria na mizigo, mchana wa jua kali, asilimia hiyo 10 ndiyo hukaa ndani ya gurudumu lisilo na feni, ikichemsha nyaya na kudhoofisha gundi ya sumaku. Mota ya meno 12 na sumaku 10 huhitaji mshazari wa nyuzi 6 tu, na hasara ya nguvu ni karibu asilimia 1. Ndiyo kusema kwamba anayechagua idadi nzuri tangu mwanzo hulipa kidogo baadaye.

Zaidi ya hayo, mota yenye mianya ya mshazari ni ngumu kusuka. Kampala, kama Dar es Salaam na Nairobi, ina mafundi hodari wa kusuka mota kwa mkono, lakini mshazari humpunguzia fundi nafasi ya kupitisha shaba na kumwongezea hatari ya kuchubua waya. Kwa sababu hiyo viwanda vingine huiacha stata ikiwa imenyooka na kuzipanga sumaku kwa ngazi, kila kipande kikisogezwa kidogo kutoka kwa mwenzake.

Uganda si mtazamaji tu katika mambo haya. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, kilima kinachotazamana na Mulago, wahandisi na wanafunzi walionyesha gari la umeme la abiria wawili, Kiira EV, mwaka 2011. Basi la Kayoola lilifuata mwaka 2016, na kutokana na kazi hiyo ikaundwa kampuni ya Kiira Motors yenye kiwanda Jinja. Kampuni za pikipiki za umeme nazo zinaunganisha vyombo vyao nchini. Mota zenyewe bado hutoka nje kwa sehemu kubwa, hivyo swali la mnaso huamuliwa mbali na barabara itakayoubeba. Anayeagiza mota elfu moja ana haki ya kuuliza idadi ya meno na sumaku kabla ya kuuliza bei.

Ugumu mwingine ni kwamba karatasi ya mchoro haibanduki sumaku wala haipindi ekseli, lakini kiwanda hufanya hivyo. Sumaku moja ikibandikwa kando kwa sehemu ndogo ya milimita, au ikiwa dhaifu kuliko jirani zake, hurudisha matuta ambayo hesabu ilikuwa imeyafuta. Mota mbili za muundo mmoja zaweza kutofautiana mkononi, na mara nyingi tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu umakini wa aliyezitengeneza.

Kuondoa meno kabisa

Kuna dawa ya tatu, iliyo kali zaidi: kuondoa meno. Katika miaka ya 1950, mhandisi wa Ujerumani Fritz Faulhaber alibuni rota isiyo na chuma, yenye nyaya zilizosukwa kwa mshazari hadi zikajisimamia zenyewe kama kikapu. Pasipo meno, sumaku haina cha kushika, na mnaso huwa sifuri. Mota ndogo za ukoo huo leo zimo katika vifaa vya madaktari wa meno, pampu za dawa na vyombo vingi vinavyotaka mwendo laini.

Hasara yake ni kwamba chuma cha meno ndicho kilichokuwa kikiukusanya usumaku na kuufikisha kwenye shaba. Ukikiondoa, unahitaji sumaku kubwa zaidi kupata nguvu ile ile, na sumaku bora za leo zina neodimia, madini adimu ambayo usafishaji wake uko mikononi mwa China kwa sehemu kubwa. Aprili 2025, China iliweka masharti ya kuuza nje baadhi ya madini adimu na sumaku zinazotokana nayo, na viwanda vya magari katika mabara kadhaa vilitikisika. Uganda ina hazina ya madini hayo Makuutu, mashariki mwa nchi, na Tanzania ina Ngualla mkoani Songwe. Lakini kutoka udongo hadi sumaku ni safari ndefu. Kwa bodaboda, kuondoa meno ni anasa. Kwa mkono wa daktari wa upasuaji, hesabu ni nyingine.

Chumba cha upasuaji

Kwa miaka mingi madaktari wa mifupa wa Mulago walitoboa mifupa kwa keke ya mkono, kwa kuwa drili ya umeme iliyotengenezwa mahususi kwa upasuaji hugharimu maelfu ya dola. Keke huenda polepole na huyumba, na tundu lililoyumba haliishiki skrubu vizuri. Wahandisi na madaktari wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, waliokuwa na ushirikiano na Mulago, walibuni jibu lililo rahisi mno: mfuko wa kitambaa unaoweza kuchemshwa na kuuawa vijidudu, unaofunika drili ya kawaida ya betri, kama ile ya fundi seremala. Drili isiyo safi hubaki ndani ya mfuko, na kipande cha chuma kilichosafishwa ndicho kinachomgusa mgonjwa. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Arbutus Medical.

Drili ya betri ya duka la vifaa huwa na mota ya sumaku za kudumu, na mota hiyo ina mnaso. Kwa nini basi daktari hatetemeki? Kwa sababu ya gia. Mota huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa ncha, hivyo matuta yake hufika kwenye mfupa yakiwa madogo na ya haraka kupita kiasi cha mkono kuyahisi. Gia haikuuondoa mnaso, imeuficha tu, na kwa tundu la skrubu hilo linatosha.

Wodini, mnaso hugeuka kuwa fadhila. Pampu nyingi zinazosukuma bomba la sindano taratibu kwa saa kadhaa hutumia mota ya hatua, ambayo meno na sumaku zake zimepangwa makusudi ili isimame mahali maalumu, kwa kawaida mara 200 katika mzunguko mmoja, sawa na nyuzi 1.8 kwa kila hatua. Umeme ukikatika, mnaso pamoja na skrubu ndefu inayolisukuma bomba hulizuia lisiteleze. Mbunifu wa pampu angekuwa wa mwisho kutaka matuta hayo yaondolewe.

Wapo wanaodhani kwamba elektroniki itamaliza ubishi wote. Ni kweli kwamba kontrola yaweza kufundishwa ramani ya matuta ya mota yake na kuongeza au kupunguza mkondo mahali panapohusika. Roboti za viwandani hufanya hivyo. Lakini kunahitajika kifaa kinachojua mahali rota ilipo kwa usahihi mkubwa, ilhali mota nyingi za bodaboda zina vihisio vitatu tu vinavyotambua nafasi sita katika kila jozi ya sumaku. Tena dawa hiyo hufanya kazi palipo na umeme, na anayesukuma pikipiki chini ya kilima hana.

Mnaso au kontrola iliyoungua?

Jambo moja huwapotezea mafundi muda na wenye pikipiki fedha. Transista za kontrola zikiungua na kuungana, gurudumu hupinga kwa mikwamo inayofanana sana na mnaso, na mota nzima huweza kulaumiwa na kubadilishwa bure. Kipimo chake ni chepesi. Betri hutolewa kwanza, kisha waya tatu nene kati ya mota na kontrola hutenganishwa, kila ncha ikifungwa tepu peke yake, kwa kuwa gurudumu linalozungushwa huzalisha umeme. Gurudumu likilegea, ubovu uko kwenye kontrola au kwenye waya zake. Likibaki na vifundo vidogo vilivyosambaa sawasawa kwenye duara lote, huo ni mnaso wa kawaida na hakuna cha kutengeneza. Likikwaruza mahali pamoja tu katika kila mzunguko, kinachopaswa kutazamwa ni beringi, au sumaku iliyobanduka.